Shangazi haruhusiwi kwenye mikusanyiko kwa miezi sita: tumletee mtoto wa mbwa, au tumtoe bandani huyu wa ulinzi?

Migombani ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaoijua mbwa kwa undani, na wanaojua upweke wa wazee pia.

Shangazi ana miaka 67, mjane, anaishi peke yake Moshi kwenye kiwanja chenye ukuta na geti. Yuko kwenye dawa zinazoshusha kinga ya mwili, na daktari amemtaka akae mbali na watu wengi kwa miezi sita. Maana yake hakuna ibada ya Jumapili, hakuna vikoba, hakuna msiba wala harusi, hakuna gulio. Kutembea kwenye hewa ya wazi ameruhusiwa, tena amehimizwa. Miguu yake bado ina nguvu. Watoto wako ng'ambo, wanampigia kwa video kila siku, ila majibu yake siku hizi ni "nipo tu".

Mmoja wa watoto amesoma kwamba wakati wa Korona waliokuwa na mbwa hawakuelemewa na upweke kama wengine. Sasa anataka kumnunulia mtoto wa mbwa wa kizungu, wa miezi miwili. Na pale nyumbani tayari kuna mbwa wawili: Simba, dume chotara wa German Shepherd, kilo 32, na Popi, jike wa kienyeji, miaka minne hivi, kilo 14. Wanashinda bandani, wanafunguliwa saa tatu usiku, wanafungiwa kukipambazuka. Kijana wa kazi ndiye anayewalisha. Geti hawajawahi kulivuka.

Ninachouliza: huo utafiti unasema nini hasa? Na kama mbwa anaondoa upweke, mbona hawa wawili hawajaondoa chochote?

---

MkiaJuu amejibu:

Swali lako la pili ndilo lenye jibu la lile la kwanza.

Shangazi hana mbwa. Ana ving'ora viwili vyenye mikia. Wanaamka yeye akilala, wanafungiwa yeye akiamka, na mkono unaowapa ugali si wake. Ukitaka kujua mbwa ni wa nani, usiangalie kiwanja ni cha nani. Angalia mbwa anamfuata nani kwa macho.

Utafiti sasa. Mkubwa wa mwanzo ulifanywa na vyuo vikuu vya York na Lincoln, Uingereza, kati ya Aprili na Juni 2020, watu 5,926. Waliokuwa na wanyama nyumbani upweke wao nao ulipanda, ila pungufu kidogo ya ule wa wasiokuwa nao. Sisitiza hilo neno "kidogo". Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba tofauti ile haitoshi kumshauri mtu achukue mnyama ili kulinda afya yake ya akili. Halafu waliona kwamba ukaribu kati ya mtu na mnyama haukutofautiana kwa aina ya mnyama, paka au mbwa. Kwa hiyo aliyesoma kwamba "mbwa anatibu upweke" amesoma kichwa cha habari tu.

Utafiti unaomhusu shangazi zaidi ni wa Marekani, ulitoka mwaka 2021, kuhusu watu wa miaka 60 na zaidi. Huo uliuliza kitu cha maana zaidi: je, unamtembeza? Miongoni mwa wale ambao Korona iliwavurugia sana maisha ya kijamii, waliokuwa wanamtembeza mbwa angalau mara moja kwa siku upweke wao ulibaki karibu pale pale ulipokuwa kabla, na wasiofanya hivyo ulipanda. Bado huwezi kuapa kwamba ni matembezi yaliyosababisha, maana anayetembea kila siku huenda alikuwa na afya na moyo zaidi tangu mwanzo. Lakini kama unabahatisha, bahatisha upande huo.

Pia kumbuka mazingira ya hizo tafiti. Hispania ilipofungwa Machi 14, 2020, mtu mzima hakuruhusiwa kwenda kutembea wala kukimbia mpaka Mei 2, isipokuwa mwenye mbwa, ambaye alitoka mara kadhaa kwa siku. Mbwa alikuwa kibali. Afrika Kusini walifanya kinyume: tangu Machi 27 hadi mwisho wa Aprili kumtoa mbwa nje ya kiwanja chako kulipigwa marufuku. Mbwa ni yule yule, faida ni tofauti kabisa. Shangazi kibali anacho tayari kwa daktari. Anachokosa ni kiumbe wa kumsimamia mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kukataa kuambiwa "leo sijisikii".

Sasa jambo ambalo hizo tafiti hazitakwambia kwa sababu hazikufanyika kwetu. Kule Ulaya mbwa anavuta watu, anasimamisha wapita njia, mazungumzo yanaanza. Huku kwetu mbwa mkubwa akitokea kichochoroni watu wanahamia upande wa pili, watoto wanapiga kelele, na mmoja lazima ainame kuokota jiwe. Ukimpa shangazi Simba, utamwongezea upweke: atatembea kwenye njia tupu anayoitengeneza yeye mwenyewe. Kwa hiyo mbwa wa kutoka naye ni Popi, na kazi yote iko kwenye namna ya kupishana na watu.

Kupishana kunafanywa hivi. Mbwa anatembea upande wa ukuta au wa uzio, mtu katikati, barabara upande wa pili. Mtu akija, akiwa bado hatua nane hivi, shangazi anaifupisha kamba, anasogea pembeni, anasimama, na anakuwa wa kwanza kusalimia. Usingoje wakusalimie, wao macho yako kwa mbwa. Swali litakalokuja ni moja nchi nzima: "Anauma?" Jibu ni "Haumi, nimemshika, ila usimguse." Basi. Usimlazimishe mtu amshike ili kuthibitisha. Kesho mtu yule yule, saa ile ile, hatahama tena upande. Wiki ya pili atauliza jina la mbwa, na hapo ndipo matembezi yanaanza kufanya kazi yake. Ndiyo maana saa isibadilike na njia isibadilike. Ukitoka leo saa moja na kesho saa tatu unakutana na wageni daima, na salamu za wageni hazipunguzi upweke. Mama wa maandazi, mlinzi wa geti la jirani, muuza maziwa wa baiskeli: hao watatu, kila siku, wanatosha.

Na tazama, kamba ya mita moja na nusu mpaka mbili inawaweka watu mbali kiasi kile kile ambacho daktari angependa, bila shangazi kumwambia mtu "tafadhali usinikaribie".

---

Tabibu wa Mifugo amejibu:

Mkuu, huyo mtoto wa mbwa msimlete. Sababu ni za kitabibu kabisa, ziwekeni mezani kabla tiketi haijakatwa.

Mtu mwenye kinga iliyoshuka anashauriwa aepuke mbwa wa chini ya miezi sita na mbwa yeyote anayeharisha. Watoto wa mbwa hubeba Kampilobakta (bakteria wa kuharisha) na minyoo kuliko wakubwa, hawajajua pa kujisaidia, na meno yao ya maziwa ni kama sindano. Ngozi ya mzee aliye kwenye dawa za aina hiyo inachanika kirahisi na inachelewa kupona. La pili, chanjo zake zinaanza wiki ya 6 hadi 8, zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Kabla ya hapo kumtembeza barabarani palipopita mbwa koko ni kumtafutia pavo, ule ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa. Yaani kati ya miezi sita ya shangazi, miwili au zaidi inapita matembezi hayajaanza, na kinachofanyika ndani ni kufuta mikojo.

Popi naye haendi popote mpaka haya yafanyike. Kwa mbwa mkubwa asiye na kadi ya chanjo, hesabu hivi: siku ya kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa, pamoja na chanjo ya mchanganyiko ya distempa, pavo na homa ya ini, hakikisha na leptospirosisi imo, maana inaenezwa na mkojo wa panya na inampata binadamu. Mchanganyiko urudiwe baada ya wiki 3 hadi 4, kisha subiri wiki 2. Kichaa ni kila mwaka. Dawa ya minyoo siku ya kwanza, rudia baada ya wiki 2, halafu kila miezi 3, na mara ya kwanza peleka kinyesi kikapimwe. Hizo wiki sita si za kupoteza, mazoezi ya ndani ya geti yafanyike humo humo.

Kupe ndio watakaowasumbua baada ya matembezi kuanza. Kila mkirudi, mtu mwingine (si shangazi) apitishe vidole sehemu tano: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, makwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe anakamatwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, anavutwa moja kwa moja bila kuzungusha. Msimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti. Akisumbuliwa hivyo anatapika mate yake ndani ya kidonda, na hapo ndipo magonjwa ya damu yanapoingia. Dawa ya kuzuia kupe mpeni kila mwezi kwa kipimo cha uzito wake. Msigawe ya Simba.

Usafi: asilambwe usoni wala kwenye kidonda. Mikono kwa sabuni sekunde 20 baada ya kila matembezi. Kinyesi kiokotwe na kijana. Nyama zote za mbwa zichemshwe, hakuna vichwa vibichi vya kuku, na mifupa ya kuku iliyopikwa ni marufuku, inapasuka kama vigae. Mbwa akimng'ata, hata mkwaruzo mdogo na hata kama ana chanjo: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na aseme mapema kwamba kinga yake imeshuka, kwa sababu mpango wa sindano zake hautakuwa sawa na wa mtu wa kawaida.

---

Migombani:

Asanteni sana. Mtoto wa mbwa tumemwahirisha, kesi imeisha. Lakini kuna wasiwasi mbili. Kijana wa kazi anasema Popi akizoeshwa watu hatabweka tena usiku. Na alipojaribu kumfunga kamba shingoni, Popi alilala chini kama gunia, akajikojolea. Huyu kweli anafundishika?

---

MkiaJuu amejibu:

La ulinzi kwanza, lina jibu fupi. Mbwa anayefungiwa kutwa anabwekea kila kitu: paka, upepo, pikipiki ya mbali. Mwisho watu wa nyumba hiyo hawaamki tena, kelele imekuwa hewa. Mbwa anayeijua mitaa anabwekea kisicho cha kawaida. Nani ana ulinzi hapo?

Kulala kama gunia ni woga, si ukaidi. Kwa mbwa wetu wengi kamba shingoni maana yake ni kipigo au daktari. Achaneni na mkanda wa shingo kwa kuvutia. Tafuteni mkanda wa kifuani, wenye umbo la Y mbele, usiobana kwapa, vidole viwili vipite chini yake. Mkanda wa shingo ubaki wa kubebea namba ya simu tu.

Anayefundisha ni shangazi mwenyewe, la sivyo kazi yote inamnufaisha kijana. Siku tatu za kwanza hakuna kamba kabisa. Saa kumi na mbili na nusu, kabla mbwa hawajafungiwa, aketi kwenye kigoda karibu na banda, ampe Popi ubavu, asimkazie macho. Ini la ng'ombe lililochemshwa, limekatwa punje punje ukubwa wa hindi, kama punje 30. Amtupie moja moja, kila mara karibu zaidi na miguu ya shangazi mwenyewe, mpaka Popi achukue mkononi. Angalieni mdomo: mbwa mwenye woga ananyakua na kurudi nyuma, akitulia anachukua kwa ulimi. Hapo ndipo mkanda unaletwa. Uwekwe chini, punje juu yake. Kesho yake avalishwe wakati anakula, dakika tano, uvuliwe. Ikifika siku ya saba anauona mkanda na anakuja mwenyewe.

Wiki ya pili kamba inafungwa na kuachwa iburuzwe chini uani, halafu ndipo ishikwe. Kanuni ni moja: kamba ikikaza, shangazi anasimama kama mti, ikilegea, wanaendelea. Asivute, asiseme kitu. Makosa ya kawaida ni kuendelea hata mbwa anapovuta kwa sababu "tunachelewa". Mara moja tu ya hivyo inamfundisha kwamba kuvuta kunalipa.

Wiki ya tatu na ya nne geti linafunguliwa na hawatoki. Wanasimama ndani dakika kumi, wanatazama dunia. Bodaboda ikipita, punje moja. Kipimo cha umbali ni tumbo lake: akikataa ini, mko karibu mno, rudini nyuma mpaka alikubali tena. Watu wengi wanaharibu hapa. Wanamvuta mbwa mpaka barabarani "azoee", naye anazoea kweli, anazoea kuogopa. Chanjo zikikamilika mnatoka dakika 10, mnaongeza 5 kila siku tatu au nne, mpaka 30 asubuhi na 20 jioni.

Mbwa koko wakiwajia: msikimbie, msimbebe Popi. Simameni, kamba ilegee, shangazi awe katikati, ainame kana kwamba anaokota jiwe. Tisa kati ya kumi wataondoka bila jiwe lolote kurushwa. Ila jaribuni hilo uani kwanza mkiona Popi anavyopokea, kwa sababu naye ni mbwa wa kienyeji na huenda somo la jiwe alilipata zamani.

---

Hatua Elfu amejibu:

Naingia upande wa binadamu, maana hapa mbwa kashapata madaktari wawili.

Kuanguka. Marekani walihesabu wazee wa miaka 65 na zaidi waliofikishwa hospitali kwa kuvunjika mfupa wakitembeza mbwa wa kamba: 1,671 mwaka 2004, na 4,396 mwaka 2017. Wengi wanawake, na mfupa uliovunjika zaidi kuliko mwingine wowote ni wa nyonga. Nyonga ikivunjika, upweke wa miezi sita unageuka wa miaka. Kwa hiyo Simba hata siku moja asitoke na shangazi, hata akiwa mpole. Kilo 32 zikimwona paka hazisikilizi jina.

Kamba isizungushwe kiganjani wala kifundoni. Kitanzi kiingie dole gumba, kamba ikunjwe mara moja ndani ya kiganja, ngumi ikae kitovuni. Mbwa akichomoka ghafla, mkono ulionyooshwa mbele unamvuta mtu mzima. Mkono ulio kitovuni unafanya mwili wote uwe uzito. Akiona inamshinda, aachie. Mbwa hutafutwa, nyonga haitafutwi. Kamba zile za kujikunja zenyewe kwenye kibox cha plastiki msinunue: uzi wake unakata ngozi, na mbwa akifika mwisho mita tano mbele ana mwendo wa kutosha kumwangusha mtu. Viatu vya kufunga nyuma, si kandambili. Njia ichaguliwe ikiwa kavu, na mwanzoni kijana afuate hatua kumi nyuma yao, asishike chochote.

Joto. Moshi kati ya Januari na Machi lami ina moto mpaka jioni. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami sekunde saba. Ukishindwa, miguu ya mbwa nayo imeshindwa. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Ulimi ukipanuka nchani kama kijiko na mate yakawa mazito, ni kivuli, maji ya kawaida tumboni na makwapani, na kurudi nyumbani. Kwa kilo 14 anahitaji karibu lita moja ya maji kwa siku, zaidi siku za jua.

Sasa upweke wenyewe. Mnasema anajibu "nipo tu", lakini mtajuaje kama unapungua? Kuna maswali matatu mafupi yanayotumika kwenye tafiti nyingi, yametokana na kipimo cha chuo kikuu cha UCLA. Ni mara ngapi unahisi huna mwenza wa kuwa naye? Ni mara ngapi unahisi umeachwa nje? Ni mara ngapi unahisi umetengwa na wengine? Kila moja: karibu kamwe 1, wakati mwingine 2, mara nyingi 3. Jumla ni kati ya 3 na 9, na wengi huchukulia 6 kwenda juu kuwa ni mpweke. Muulizeni leo, wiki ya nne tangu waanze kutoka, na wiki ya kumi na mbili. Lakini asiulize yule mtoto aliyetaka kununua mbwa, wala wewe uliyeanzisha hili. Mzee atawapa jibu la kuwafurahisha. Aulize jirani au muuguzi.

Ikiwa wiki ya kumi na mbili namba haijasogea, au analala mchana, hali chakula, anatoka na mbwa bila kusalimia mtu, hapo tatizo si upweke tena. Inaweza kuwa sonona, na hiyo inampeleka kwa daktari. Pia kuna dawa zinazoleta hali hiyo zenyewe, aulizwe aliyeziandika.

Na kitu ambacho watoto wa ng'ambo wanaweza kufanya zaidi ya kutuma mbwa: wapige simu dakika kumi baada ya matembezi ya asubuhi kuisha, si usiku. Usiku hana habari. Asubuhi ametoka kumwona muuza maziwa.

---

Pwani Tulivu amejibu:

Nimefuatilia kimya. Niseme neno kwa wasomaji wa Tanga, Mombasa na Unguja watakaotaka kuiga, maana njia za huku si za Moshi.

Huku wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito, kinachopata unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wa madhehebu ya Maliki wana kauli nyingine, lakini jirani yako hakuulizi kauli ya Maliki akiwa na kanzu safi anakwenda Alfajiri. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, hilo nalo lisemwe kwa wanaoruka mita tatu. Anayemtembeza mbwa huku basi: akwepe njia ya msikiti robo saa kabla na baada ya kila sala, mbwa asinywe kwenye ndoo ya watu, asijitikise karibu na mtu akitoka majini, na salamu itolewe kwa mbali.

Na asiyeweza kufuga mbwa asijione amekosa dawa. Soma tena alichosema MkiaJuu: Uingereza waliona ukaribu haukujali ni paka au mbwa. Paka tunao, Lamu wana zaidi ya watu pengine. Kinachobaki ni kutembea saa ile ile njia ile ile, na hilo mtu anaweza kupanga na jirani mmoja baada ya Alfajiri, wapeane umbali, bila kamba wala kupe.

---

Migombani:

Nimeyachapa yote, nayabandika jikoni. Swali la mwisho kwa Tabibu: shangazi akilazwa ghafla, Popi inakuwaje?

---

Tabibu wa Mifugo amejibu:

Ndiyo maana kijana asiondolewe kabisa kwenye ratiba. Siku moja kwa wiki atoke yeye na Popi, saa ile ile, njia ile ile, na mkanda ule ule. Shangazi naye abaki ndani mbwa akiwa uani, dakika tano, kisha kumi, kisha nusu saa, bila kuagana kwa mbwembwe. Mbwa aliyetoka bandani akaganda kwa mtu mmoja anaweza kuacha kula mtu huyo akiondoka siku tatu.

Kwenye hiyo karatasi ya jikoni ongeza: gramu 220 hadi 260 za chakula kikavu kwa siku akipewa cha dukani, kigawanywe mara mbili, tarehe za chanjo, dawa ya kupe inaisha lini, namba ya daktari wa mifugo wa wilaya, na jina la jirani mmoja mwenye ufunguo wa geti ambaye Popi ameshakula ini mkononi mwake. Huyo wa mwisho mtafuteni sasa, wakati kila mtu ni mzima.